Zege, chumvi na uprofesa: njia ya mtafiti wa maada Zanzibar

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba kongwe la Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka mbele ya Forodhani na kuua watu wawili, jengo likiwa katikati ya ukarabati. Sultani Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883, kwa kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na nguzo za chuma zilizoletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Baada ya msiba ule watu waliuliza nani alaumiwe, na swali hilo lina mahali pake. Lakini yapo maswali mengine ambayo tume ya uchunguzi haiwezi kuyajibu kwa kuhoji mashahidi. Chokaa ya miaka 137 inabaki na nguvu kiasi gani? Chuma kilichofukiwa ndani ya ukuta wenye chumvi kinaliwa kwa kasi gani? Ukuta wa chokaa ukipakwa plasta ya saruji, unyevu unaopanda kutoka ardhini unapata wapi njia ya kutoka?

Watu wanaoishi kwa kujibu maswali ya aina hii wapo. Wanalipwa mshahara, wanasomesha, wanapanda vyeo hadi uprofesa. Fani yao ni sayansi na uhandisi wa maada. Kwetu visiwani, ambako bahari inakula kila kilichojengwa, ilitakiwa iwe miongoni mwa kazi za mwanzo ambazo kijana anayependa sayansi anatajiwa. Haitajwi. Makala hii inajaribu kuifungua: fani yenyewe ni nini, mtu anaingilia wapi, ngazi zake zikoje, na kwa nini wengi huishia katikati ya njia.

Fani hii inachunguza vile ambavyo vitu vingine hutengenezwa kwavyo: chuma, saruji, kioo, plastiki, mbao, vigae, nyaya, betri. Mambo manne hufungamana ndani yake. La kwanza ni namna kitu kilivyopangika kwa ndani, kuanzia atomu hadi nyufa zinazoonekana kwa jicho. La pili ni namna kilivyotengenezwa. La tatu ni tabia zake, kama nguvu, ugumu, kupitisha umeme au kunyonya maji. La nne ni namna kinavyohimili kazi kikishaanza kutumika. Ukibadilisha moja, mengine hayabaki yalivyokuwa.

Chukua chokaa. Jiwe la matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalisi kabonati. Likichomwa kwenye tanuu hadi kiasi cha nyuzi 900 za Selsiasi, linatoa hewa ya kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa kali inayounguza ngozi. Ikimwagiwa maji inachemka na kuvimba, inakuwa laini. Fundi akishaijengea, inaanza kuivuta tena kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na kwa miezi na miaka inarudi kuwa jiwe. Mafundi wa zamani walioiacha chokaa ikae majini muda mrefu kabla ya kuitumia walikuwa na sababu nzuri: kadiri inavyokaa ndivyo chembe zake zinavyozidi kuwa ndogo, na chokaa ya chembe ndogo inashika vizuri zaidi na kutii mwiko. Fundi aliyajua hayo kwa mkono. Mtafiti anayaona kwa darubini ya elektroni. Elimu ni moja, na anayetaka kuandika tasnifu juu ya kuta za Mji Mkongwe bila ya kukaa na mafundi wa chokaa atapoteza mengi.

Hapo hapo pana jibu la swali la plasta. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa polepole kupitia uso wake. Saruji ni ngumu zaidi na haipitishi unyevu kwa wepesi ule. Ukuta ukizibwa kwa saruji, maji yanabaki ndani pamoja na chumvi, chumvi inaganda kuwa fuwele nyuma ya plasta, fuwele zinasukuma, na plasta inabanduka na vipande vya jiwe. Ndiyo maana wahifadhi husisitiza chokaa irudishwe. Anayeyafahamu haya haoni sharti hilo kuwa usumbufu wa ofisi.

Sasa, kinachowachanganya wengi ni kwamba fani hii haina mlango wake skuli. Hakuna somo la maada kidato cha sita, na hata vyuo vingi duniani havikuwa na idara ya jina hilo hadi nusu ya pili ya karne iliyopita. Kabla ya hapo kulikuwa na elimu ya madini na vyuma peke yake, ya udongo na vigae peke yake, na kemia ya plastiki peke yake. Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kuunda idara ya sayansi ya maada, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1960 serikali ya Marekani ikaanza kugharimia maabara za pamoja ambamo wanafizikia, wanakemia na wahandisi walifanya kazi chini ya paa moja, kwa sababu ilionekana kuwa anayechunguza chuma cha manowari na anayechunguza transista, kile kifaa kidogo cha elektroniki, wanauliza swali lile lile: mpangilio wa ndani unazaa vipi tabia ya nje.

Kwa hiyo watu huingia kwa milango ya pembeni. Aliyesoma fizikia, kemia na hesabu kidato cha sita anaweza kufika akipitia shahada ya fizikia, ya kemia, au ya uhandisi, iwe wa ujenzi, mitambo, kemikali au uchenjuaji wa madini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hizo zote, na idara yake ya fizikia imekuwa kwa miaka mingi katika mtandao wa MSSEESA, unaounganisha watafiti wa maada na nishati ya jua wa mashariki na kusini mwa Afrika kwa msaada wa programu ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, yenye skuli nzima inayobeba maada, nishati, maji na mazingira, nayo inasomesha uzamili na uzamivu.

Hapa kwetu SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, iliyoanza kusomesha mwaka 2001, ina wanafunzi wa fizikia na kemia, wengi wao wakiandaliwa kuwa walimu. Hao ni hazina ambayo haijaguswa, maana mwalimu wa kemia aliyefaulu vizuri anaweza kuingia uzamili wa maada akiongeza hesabu kidogo. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia pale Mbweni inatoa mafundi sanifu wa ujenzi, mitambo na umeme. Na tangu 2023 IIT Madras, taasisi ya teknolojia ya India, ina tawi lake Bweleo, Unguja. Limeanza na sayansi ya data na akili bandia, kisha likaongeza uzamili wa miundo ya baharini. Nitalirudia tawi hili, kwa sababu nadhani watu hawajaona vizuri kile ambacho mama yake anacho.

Ngazi zenyewe zinaeleweka mtu akielezwa mara moja. Katika vyuo vya umma vya Tanzania mwenye shahada ya kwanza huanza kama mkufunzi msaidizi. Akipata uzamili anakuwa mhadhiri msaidizi, na akimaliza uzamivu anakuwa mhadhiri. Kutoka hapo anapanda kuwa mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Matangazo ya kazi kwa kawaida hudai GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 kwa shahada ya kwanza, na 4.0 kwa uzamili. Nalitaja hili mapema kwa makusudi. Nambari hiyo hujengwa tangu muhula wa kwanza, wakati kijana bado anazoea hosteli na hajui kama atataka kuwa mhadhiri. Anapokuja kutaka, mwaka wa tatu, mlango umeshajifunga, na hakuna aliyemwambia kuwa ulikuwa unajifunga.

Baada ya uzamivu cheo hakipandi kwa umri. Kinapanda kwa miaka katika cheo, ubora wa kusomesha, na zaidi ya yote machapisho, yaani makala zilizosomwa na kukubaliwa na wataalamu wengine kabla ya kutolewa kwenye jarida. Mwenye kusomesha vizuri sana lakini hachapishi atabaki mhadhiri hadi anastaafu. Kama ni haki au si haki ni mjadala mwingine, lakini anayeingia aingie akijua.

Uzamivu nao hufahamika vibaya. Wengi huuona kuwa ni kusoma zaidi. Kwa kweli ni uanagenzi: unakaa na bwana mmoja mwenye maabara, unafanya kazi yake na yako, na unatoka pale siku ambayo wataalamu wamekubali kuwa umeongeza jambo ambalo halikujulikana. Ujerumani na nchi za Skandinavia mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi ni mfanyakazi mwenye mkataba na mshahara. Marekani inachukua miaka mitano au sita, na fedha aghalabu hutoka kwenye mradi wa profesa. Uingereza ni kama mitatu hadi minne, kwa ufadhili kama ule wa Jumuiya ya Madola. China, Japani na Korea Kusini zina ufadhili wa serikali, na Watanzania wengi wa uhandisi wamepitia huko. Kote huko jambo la kwanza ni msimamizi, kisha chuo. Profesa mwenye jina kubwa asiyeonana na wanafunzi wake ni hasara kuliko mwenye jina dogo anayesoma kila sura unayomwandikia.

Huko ughaibuni, aliyemaliza uzamivu huanza mikataba mifupi ya utafiti, mwaka mmoja, miwili, mitatu, akihama kutoka mji hadi mji akitafuta nafasi ya kudumu. Nafasi hizo ni chache kuliko watu, na wengi huishia viwandani, jambo ambalo si kushindwa hata kidogo. Sisi mambo yetu yako kinyume. Mzanzibari anayekwenda kusoma uzamivu mara nyingi ameshaajiriwa na chuo na anakwenda kwa ruhusa ya masomo, kiti chake kikimsubiri. Mtihani wake unaanza akisharudi.

Na hapa ndipo penye fundo la jambo hili. Mtu amekaa miaka minne akitengeneza tabaka nyembamba za kuvuna mwanga wa jua, ndani ya chemba isiyo na hewa ambayo bei yake ni mamia ya mamilioni ya shilingi. Makala zake ni nzuri. Anarudi nyumbani na kukuta chumba chenye meza, mizani, tanuri dogo, na ratiba ya masomo manne kwa muhula. Chemba haipo wala haitanunuliwa. Mwaka wa kwanza anamalizia makala za zamani, wa pili anaandika andiko la kuomba fedha na linakataliwa, wa tatu ameshazoea kusomesha tu. Watu husema amerudi akawa mvivu. Si uvivu. Alirudi na swali la watu wengine, na swali lile linahitaji mashine za watu wengine.

Ninachokishikilia ni kwamba swali lichaguliwe kabla ya kuondoka, nalo litoke hapa. Mfano bora ninaoujua unatoka kisiwa kingine. Cuba ilikuwa na uhaba wa saruji na viwanda vyenye kula nishati nyingi. Fernando Martirena, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Las Villas katika mji wa Santa Clara, alishirikiana na Karen Scrivener wa taasisi ya EPFL ya Lausanne, Uswisi. Swali lao lilikuwa la kawaida mno: tunaweza kupunguza kiasi gani cha klinka, ile sehemu ya saruji inayochomwa kwa nyuzi 1,450 hivi, tukaweka kilichopo? Walichokiweka ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa nyuzi kati ya 700 na 850, pamoja na mawe ya chokaa yaliyosagwa bila ya kuchomwa. Viwili hivi vikikutana huunda mchanganyiko unaojaza vitundu vya zege. Karibu nusu ya klinka inatoka. Saruji hiyo inaitwa LC3, na jaribio la kwanza la kiwandani lilifanyika Cuba mwaka 2013. Kwa kuwa saruji inachangia kiasi cha asilimia 8 ya kaboni dayoksaidi inayotokana na shughuli za watu, leo LC3 inazungumzwa kote ulimwenguni. Mashine kubwa zilikuwa Lausanne. Udongo na shida vilikuwa Cuba, na wala Martirena hakulazimika kuihama Santa Clara ili awe mtafiti anayesikilizwa.

IIT Madras, ile ile yenye tawi Bweleo, ni miongoni mwa taasisi za India zilizochapisha vipimo vya LC3, hasa namna inavyozuia kloridi, ile inayotoka kwenye chumvi, isipenye kwenye zege. Unguja imekaa juu ya mawe ya chokaa. Mtu wa SUZA au wa Karume anayetaka kujua kama udongo wetu, wa Pemba au wa Unguja, unafaa kuchomwa kwa kazi hiyo, ana wa kuwabishia hodi nusu saa kutoka mjini.

Kloridi ndiyo adui mkubwa wa majengo yetu, na ni vyema ieleweke inavyofanya kazi. Zege jipya lina ualkali mkubwa, pH yake ni 12.5 na zaidi. Katika hali hiyo nondo hujivika utando mwembamba wa oksidi, wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), unaoizuia isipate kutu. Nondo iliyomo ndani ya zege zuri inaweza kukaa miaka mia. Vitu viwili huuvunja utando huo. Kimoja ni kaboni dayoksaidi ya hewani, inayopenya taratibu na kushusha ualkali. Cha pili ni kloridi ya chumvi, ambayo haihitaji kushusha chochote, inatoboa utando mahali pamoja na kuanza kuchimba. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi mara sita, kwa hiyo inalisukuma zege kwa ndani mpaka linapasuka na kudondoka. Kila aliyewahi kuangalia juu kwenye baraza la nyumba ya ghorofa karibu na pwani ameiona nondo nyekundu ikichungulia.

Chumvi hiyo inaingia kwa upepo wa bahari, na inaingia pia kwa mchanga. Mchanga wa kujengea ni shida Zanzibar, uchimbaji wake unadhibitiwa, na panapokuwa na uhaba hapakosi mtu wa kuchota ufukweni usiku. Viwango vingi vya ujenzi vinataka kloridi ndani ya zege la nondo isizidi asilimia 0.4 ya uzito wa saruji. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 kwa lita. Mchanga wa pwani usiooshwa unaweza kuuvuka mpaka huo kabla hata zege halijakauka.

Vipimo vya jambo hili havihitaji mashine ya mabilioni. Ukivunja kipande cha zege na kunyunyiza maji ya nitrati ya fedha kwenye uso uliovunjika, penye kloridi panageuka peupe na pasipo nayo panakuwa kahawia. Unaweka rula, unapiga picha, una kina cha chumvi. Ukinyunyiza fenolfthalini, penye ualkali panakuwa pinki na palipochoka panabaki bila rangi. Ukiunganisha nondo na elektrodi ya shaba iliyo ndani ya salfeti ya shaba, na voltimita ikasoma chini ya milivolti 350 hasi, uwezekano kwamba nondo inaliwa unazidi asilimia 90, na ukuta haujavunjwa. Vibao vya chuma vilivyopimwa uzito, vikatundikwa mwaka mzima Nungwi, Darajani na Mkoani, kisha vikasafishwa na kupimwa tena, vinasema hewa ya kila mahali inakula mikromita ngapi, yaani sehemu ngapi za elfu za milimita, kwa mwaka. Kwa kiwango cha kimataifa, chuma kikipoteza mikromita 80 hadi 200 kwa mwaka, mahali hapo panahesabiwa kuwa pakali sana. Ramani ya namna hiyo ya Unguja na Pemba ingekuwa na faida kwa kila mhandisi anayeagiza mabati, na ni makala inayochapishika popote.

Kwa nini basi watu wanalilia mashine? Kwa sababu ziko kazi ambazo bila yake hazifanyiki. Eksirei zikipita kwenye fuwele hutawanyika kwa mpangilio unaoeleza atomu zimekaaje. Wana Bragg, baba na mtoto, walionyesha hivyo na kupewa Nobeli mwaka 1915. Darubini ya elektroni nayo inaonyesha uso wa kitu hadi nanomita. Vifaa hivi vinataka umeme usioyumba, na sisi tunajua habari ya umeme: kebo ya zamani ya chini ya bahari ilipoharibika, Unguja ilikaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Njia ya wengi ni kutayarisha sampuli nyumbani na kwenda nazo, au kuzituma, mahali penye mashine, Dar es Salaam, Arusha, Afrika Kusini au Ulaya. Sampuli hazina shida ya kusafiri. Mtu mwenye sampuli za ukuta wa mwaka 1883 hupokewa vizuri kuliko aliyekwenda na mikono mitupu.

Ipo pia njia ya kompyuta. Tabia za maada nyingi hukokotolewa kutokana na kanuni za kwanta, na programu kama Quantum ESPRESSO ni ya bure. Kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, cha Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964, kimekuwa kikisaidia skuli za hesabu hizi kwa Waafrika. Kwa anayependa nadharia, ni mlango wa kweli ambao haungoji maabara.

Maswali mengine ya kwetu nitayapitia kwa haraka, ingawa kila moja linatosha uzamivu. Mwani unalimwa Zanzibar kibiashara tangu 1989, wakulima wengi wakiwa ni wanawake, na unaondoka mkavu kwenye magunia. Ndani yake mna karajinani, polima ya asili, yaani kitu chenye molekuli ndefu kama mnyororo. Aina ya mwani iitwayo spinosamu hutoa ile inayofanya jeli laini pamoja na kalisi, aina iitwayo kotonii hutoa inayofanya jeli ngumu pamoja na potasiamu, na kotonii ndiyo inayokufa maji yakipata joto. Karajinani hutengenezewa vidonge, utando wa kufungia chakula na jeli za dawa. Mtafiti wa polima anayeanza na mwani wa Paje au wa Pemba ana malighafi, ana watu wa kuwafaidisha, na ana swali la hali ya hewa ndani yake. Kisha kuna plastiki: jahazi la FlipFlopi, lililoundwa Lamu kwa taka za plastiki, lilifika Unguja mwaka 2019, na kila ubao wake unauliza jua na maji ya chumvi vinaidhoofisha vipi plastiki iliyoyeyushwa mara ya pili. Na karafuu ya Pemba ina yujenoli, ambayo wanakemia wanaifanyia kazi kama chanzo cha gundi ngumu isiyotokana na mafuta ya petroli.

Tukirudi kwenye vyeo, machapisho yana mitego yake. Majarida mengi mazuri hayamtozi mwandishi kitu akikubali makala isomwe na waliolipia tu. Yakitaka isomwe bure na kila mtu humtoza, mara nyingine maelfu ya dola, lakini kwa waandishi wa nchi kama yetu mara nyingi kuna msamaha au punguzo ambalo lazima uliombe wakati wa kuwasilisha. Kisha kuna majarida ya ulaghai, yanayokubali makala ndani ya wiki moja, bila ya msomaji yeyote, mradi umelipa. Yanakuandikia barua pepe za sifa. Usizijibu. Makala moja iliyopita kwa wasomaji wakali inafaa kuliko kumi za huko, na kamati za vyeo zimeshaanza kuyatambua majina yao.

Wala machapisho siyo matunda pekee. Askwar Hilonga alisoma uzamivu Korea Kusini kwenye maada za kipimo cha nanomita, akarudi kusomesha Taasisi ya Nelson Mandela, na swali alilorudi nalo lilikuwa la kijijini kwake Karatu: maji. Kichujio chake kinachounganisha mchanga na maada hizo kilishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Utafiti wake, kusomesha kwake na kampuni yake vilishikana kwa sababu swali lilikuwa moja.

Kwa kijana aliye mwaka wa tatu sasa, au mhadhiri msaidizi anayetafuta pa kwenda, kazi ya kwanza ni barua kwa msimamizi. Iandikwe kabla ya tangazo la ufadhili, maana ufadhili mwingi unataka uwe na msimamizi aliyekukubali. Maprofesa hupokea barua nyingi zinazosema mwombaji ana bidii na anaipenda sayansi, na nyingi hazijibiwi. Yako iwe fupi. Taja makala yake moja uliyoisoma hadi mwisho na jambo moja ndani yake ambalo hukulielewa au hukukubaliana nalo. Eleza swali lako la nyumbani kwa sentensi mbili. Kisha weka ulichokwisha kukipima, hata kikiwa kidogo: zege la nyumba ya miaka ishirini karibu na pwani, kina cha kloridi kwa milimita, picha ya uso uliogeuka mweupe, na umbali kutoka baharini. Ambatisha matokeo yako ya chuo. Wiki tatu zikipita kimya mwandikie tena mara moja, kisha nenda kwa jina linalofuata.